Mwiko wa Hadithi za Mchana

Tunduma,
16 Juni 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na maharage umeshayaingiza ndani. Sisi hatujambo, ila baridi ya mwaka huu imetukamata kooni; Jofrey anakohoa kama mzee wa kanisa anayetaka watu wanyamaze. Duka la vitenge linakwenda. Mwanao Ambilikile anakusalimu sana. Yuko safarini Zambia na lori, mzigo umechelewa kushushwa, lakini hajambo kabisa.

Tangu masikio yako yazibe tumerudi kwenye kalamu, na kusema kweli mimi napenda. Kwenye simu ulikuwa hunipi nafasi.

Sasa sikia. Jumamosi niliwapeleka wajukuu zako kwenye Bustani ya Hadithi, imefunguliwa njia ya kwenda Sumbawanga. Mwenyewe ni fundi Watson, yule aliyekuwa anajenga makaburi. Amejenga wanyama wote wa hadithi kwa saruji, sungura, kobe, mamba, fisi, lakini mkono wa makaburi haujamtoka. Fisi ana marumaru kifuani! Kobe ukimtazama mgongoni unaanza kutafuta jina la marehemu. Jofrey alimpa sungura mkono akamwambia "mwashibukeni", kama anavyosikia wateja wangu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wakinisalimu, kisha akanuna kwa sababu hakuitikiwa. Kuna na zimwi kubwa kama nyumba: mtoto anapanda ngazi kisogoni, anatokea mdomoni, anateleza kwenye ulimi mpaka mchangani. Jofrey alitapikwa mara kumi na moja. Mimi mara moja, na usimwambie mtu.

Ilipofika saa sita, mama mmoja anayeitwa Nesta aliketi kwenye kibanda cha nyasi na kipaza sauti, akawasimulia watoto. Alipomaliza akauliza nani ana hadithi ya kwao. Pendo wetu, huyu asiyemjibu hata mwalimu wake, akanyoosha mkono. Mama, nilisahau kupumua. Alisimulia ile yako ya fisi aliyeazima mguu wa mbuzi aende nao harusini, akaahidi kuurudisha jogoo akiwika, na mbuzi akakaa mlangoni anangoja. Alipofika pale watoto wa mbuzi wanapombeba mama yao kwa zamu kwenda malishoni, aliimba wimbo wote, watu wakaitikia. Alipewa zawadi ya penseli nyekundu yenye kichwa cha sungura.

Makofi hayajaisha, Jofrey akapaza sauti: "Dada kasimulia mchana! Bibi alisema ukisimulia mchana baba anapotea njiani!"

Watu walicheka. Pendo hakucheka. Tuliporudi hakutaka soda wala mhogo wa kukaanga, na unajua anavyoupenda. Nataka kukuuliza tu, Mama, uliwaambia nini hasa Desemba walipokuwa kwako? Labda ni kitu kidogo, lakini ana miaka saba, na vitu vidogo kwake ni vikubwa.

Nimempa Osea, dereva wa gari la huko kwenu, barua hii pamoja na sukari. Tunakupenda.

Mkweo,
Roda


Isongole,
24 Juni 2025

Mwanangu Roda,

Marahaba. Osea amefika na barua na sukari, vyote vikavu. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo limekusanya baridi ya Ileje yote. Maharage yameingia. Yule mbuzi mweusi amezaa mapacha, mmoja ana alama nyeupe usoni, amefanana na mchungaji wetu akivaa miwani. Kanisani wamenihamishia benchi la mbele ili nimsome mchungaji midomo. Zamani nilidhani anahubiri maneno mengi. Sasa naona ni machache, anayarudia. Paa la jiko limezibwa, halivuji tena. Hata ile redio ya marehemu baba yenu imetengenezwa, inaimba kutwa.

Salamu za Ambilikile nimezipokea. Mume akiwa safarini mke asijitie mawazo. Kawia ufike.

Hiyo bustani imenichekesha peke yangu mpaka kuku wakanitazama. Fisi na marumaru! Fisi wa hadithi yangu hana hata shati.

Kuhusu ulichoniuliza. Ndiyo, niliwaambia. Mimi niliambiwa na mama yangu, naye na wake. Katika nyumba yetu hadithi ni za jioni, kazi zikiisha. Anayesimulia mchana humpotezea mzazi njia. Mwiko hauulizwi sababu, unafuatwa. Huyo Nesta ana kipaza sauti, mimi nina miaka sabini na miwili. Mwambie Pendo asirudie, basi, yaishe.

Tena nitumie suruali moja ya zamani ya Ambilikile, ile pana ya kaki. Nina kazi nayo.

Mama yako,
Atuganile


Tunduma,
9 Julai 2025

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima kwa mwili. Jofrey kikohozi kimeisha. Suruali nimempa Osea pamoja na barua hii. Alipoipokea hakunitazama usoni, akaanza kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Mama, nilikudanganya na naomba unisamehe. Salamu za Ambilikile nilizitunga mimi. Aliondoka tarehe 20 Mei, na mara ya mwisho alinipigia tarehe 28, akiwa Kapiri Mposhi anarudi. Kuanzia hapo simu yake haipatikani. Nilikwenda kwa tajiri wake, akasema, "Shemeji, mumeo yu hai, subiri atakuambia mwenyewe," kisha akajifanya anaitwa nje. Sikukuambia kwa sababu sikutaka kukuua kwa mawazo. Na nilikuwa na aibu. Mwanamume aliye hai, asiyepiga simu wiki sita, yuko wapi kama siyo kwa mwanamke? Nimeolewa na dereva, Mama. Nilijua siku moja yatanifika, ila sikujua yanauma hivi.

Hilo ni langu, nitalibeba. Lililonishinda ni Pendo.

Nilimwambia maneno yako, kwamba asirudie na yaishe. Nilidhani naziba, kumbe natoboa, maana sasa amesikia kutoka kwako mwenyewe kwamba ni kweli. Ile penseli ameifukia nyuma ya choo. Shuleni mwalimu akifungua kitabu cha hadithi, yeye anaziba masikio; mwalimu ameniita mara mbili. Chakula anakula kama anayelipishwa kwa tonge. Na Ijumaa iliyopita hakurudi nyumbani. Nilifunga duka nikamtafuta mtaa kwa mtaa, mpaka dereva mmoja Mzambia akaniletea amemshika mkono. Alimkuta kwenye foleni ya malori ya mpakani, katikati ya matairi, anasoma namba za magari moja moja na kuwauliza madereva kama wamemwona baba yake aliyepotea. Malori yale yakianza kutembea dereva hamwoni mtoto wa kimo kile. Nilimchapa, halafu nikalia kuliko yeye.

Aliniambia hivi: "Mama, nimempoteza mimi, nitamtafuta mimi."

Nimemwambia si kweli. Haniamini, kwa sababu mwiko si wangu. Ni wako. Nakuomba, Mama, umwambie wewe. Andika mstari mmoja tu, nitamsomea.

Roda

Nimerudia kusoma barua yako. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia hapa. Lakini Mama, hiyo redio inayoimba kutwa nyumbani kwako, anaisikia nani?


Isongole,
13 Julai 2025

Mwanangu Roda,

Leo sina habari za mbuzi.

Ambilikile yuko hapa. Nakuandikia ameketi uani, mgongo ukutani, redio pajani. Hakuna mwanamke. Mwanamke ni mimi.

Tarehe 29 Mei, Alhamisi, karibu na Isoka, lori lilipinduka likamlalia mguu wa kulia. Hospitali ya huko waliukata chini ya goti. Tarehe 11 Juni rafiki yake Boazi alimvusha mpakani kwa gari dogo, mchana kweupe. Walipita mbele ya duka lako. Anasema alikuona umesimama kibarazani unamkunjia mteja kitenge, na Jofrey ameshika pindo la sketi yako. Boazi alipunguza mwendo. Yeye alijifunika shuka akamwambia asisimame.

Aliponifikia aliniapisha juu ya Biblia nisikuambie mpaka atakapoweza kusimama mwenyewe. Alisema watoto wanamjua baba anayeruka kutoka kwenye lori na kuwarusha juu. Hataki wamwone baba wa kubebwa. Mimi ni mama yake, nilimwona analia, nikaapa. Tajiri wake na Osea nao aliwabembeleza hivyo hivyo. Suruali ilikuwa yake: nimekata mguu mmoja nikaupinda vizuri. Paa amelizibisha kwa kumwelekeza kijana wa jirani kwa fimbo kama mwalimu wa kwaya. Mimi na yeye tunaelewana kwa daftari: yeye anaandika, mimi nasema.

Sasa tazama tarehe, mwanangu. Mguu umekatika siku kumi na sita kabla Pendo hajafungua mdomo kwenye hiyo bustani. Mtoto hakumpoteza mtu. Nililijua hilo siku nilipopokea barua yako ya kwanza, na bado nikakuandikia kwamba mwiko ni mwiko, kwa sababu nikieleza tarehe ningevunja kiapo. Nilimlinda mtoto wangu kwa mgongo wa mtoto wako. Ndilo neno lenyewe, sina la kulipamba.

Na mwiko nao nitakuambia. Mama yangu alinitishia nao nikiwa mdogo, nami nikaogopa. Nilipokuwa mtu mzima nikaelewa: msimu wa kupalilia, watoto wakikaa kwenye hadithi, jembe atalishika nani? Nilijua, na nikawatishia wanangu hivyo hivyo, maana ulinifaa shambani. Lakini hofu ya utotoni haitoki kwa akili. Miaka yote hii sikuwahi kusimulia jua likiwa juu, mpaka siku chache baada ya Ambilikile kuletwa. Homa ilimpanda, akaandika kwenye daftari: "Mama, ile ya fisi." Jua lilikuwa utosini. Nilimsimulia mpaka akalala. Nadhani ilikuwa Jumamosi ile ile ya Pendo, ila siapi tena kwa jambo lolote.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi ametuumbua mtoto wa miaka saba, na afadhali yeye. Mstari mmoja uliouomba hautoshi, kwa sababu mtoto haelewi kalenda wala karatasi. Niambie nifanye nini, nitafanya.

Nimemsomea Ambilikile barua yako kwa sauti. Nilipofika kwenye foleni ya malori alinyoosha mkono nimpe magongo.

Nisamehe.

Atuganile


Tunduma,
17 Julai 2025

Mama,

Shikamoo. Salamu naiandika tu kwa sababu nimelelewa.

Alipita mbele ya duka langu. Wiki sita nimesimama kibaraza kile kile namtukana moyoni mwanamke ambaye hayupo, na mume wangu amenipita hatua ishirini amejifunika shuka. Hata angeshuka hana miguu yote miwili ningemshika. Mwambie hivyo. Mwambie na kwamba nimekasirika kiasi kwamba jana nilimkatia mteja kitenge pungufu, jambo ambalo sijawahi kufanya.

Pendo sijamwambia. Nikimwambia baba yupo kwa Bibi, atadhani namfariji. Kwa hiyo njooni. Jumamosi tarehe 26, saa sita mchana, kwenye Bustani ya Hadithi. Aliogopea pale, na aponee pale. Wewe mwenye mwiko utasimama mbele yake, jua likiwa juu, usimulie hadithi ile ile. Nesta nimeshaongea naye, atakupisha.

Ambilikile aje. Asipokuja, mimi sitamngoja tena, na hilo halijadiliwi kwenye daftari.

Asijifunike shuka.

Roda


Tunduma,
29 Julai 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo sana. Natumaini mlifika salama wewe na Boazi, na wale mapacha wa mbuzi hawakukusahau. Sisi hatujambo, na leo nasema hatujambo nikimaanisha wanne.

Jumamosi wakati wa kuondoka ulikuwa unaniuliza dirishani, "Kasemaje? Pendo kasemaje?" Nilishindwa kukujibu. Kukujibu wewe ni kupiga kelele, na yale si maneno ya kupigiwa kelele. Wewe uliona kwa macho. Masikio yako leo ni mimi.

Ulipokataa kipaza sauti, Nesta alinong'ona, "Huyu bibi ana sauti ya kengele." Kweli ulitikisa nyasi za kibanda. Uliposema "Hadithi, hadithi!" na watoto wakaitikia "Hadithi njoo!", Pendo aliinuka akalia: "Bibi, usisimulie! Bibi, ni mchana!" Alilia kwa nguvu zake zote. Hukusikia, ukaendelea na fisi wako. Mama mmoja nyuma yangu alisema bibi huyu ana roho ngumu, nami nilitaka kumgeukia nimweleze, lakini nilikuwa nimemshika Pendo. Masikio ameyaziba, midomo inasema, "Baba, baba, baba."

Mlikubaliana Ambilikile akae kwenye gari mpaka umalize. Hakuweza. Kilio kile alikisikia yeye.

Nilimwona anapita lango, halafu anapita pembeni ya fisi wa marumaru, gongo, mguu, gongo, mguu, suruali imepindwa kwa mkono wako. Watu wakampisha. Wewe ulikuwa umefika pale watoto wa mbuzi wanapombeba mama yao, na ulikuwa unaimba, umefumba macho. Pendo alitoa mikono masikioni.

Hakukimbia kama nilivyodhani. Alikwenda polepole, kama anayemsogelea ndege asiruke. Alisimama mbele yake, akamtazama usoni, halafu akatazama chini. Akashika pindo la suruali mahali mguu ulipoishia. Jofrey alikuwa wa kwanza kulia. Pendo akauliza:

"Baba, fisi kauazima?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Ataurudisha?"

"Hapana, mwanangu. Huo haurudi."

Akafikiri kidogo. Unajua anavyokunja uso akifikiri. Kisha akasema, "Haya. Zamu ya kwanza ni yangu," akaingiza bega lake chini ya mkono wa baba yake. Bega lenyewe linamfika kiunoni! Hakumbeba chochote, Mama, lakini Ambilikile alijiegemeza kana kwamba anabebwa kweli, na Jofrey akadai zamu yake hapo hapo, wakataka kupigana. Ndipo ulipofumbua macho, na yaliyofuata uliyaona.

Ambilikile anakusalimu. Safari hii ni salamu za kweli, yuko hapa anafunga kitasa cha duka kilichokuwa kimelegea tangu Pasaka. Anasema atajifunza kushona vitenge kwa cherehani ya mkono. Hasira zangu zilikuwa za mwaka mzima, lakini naona zinapungua upesi, basi nazitumia kidogo kidogo, hasa akisahau kukunja shuka. Shuka, kila mara, nalitaja kwa makusudi.

Usishangae kuona barua hii nimeiandika kwa penseli. Ni ile nyekundu. Jumapili baada ya kanisa Pendo aliifukua nyuma ya choo, akaisuuza, akaichonga, akaniambia niitumie kukuandikia. Sungura amebakiwa na sikio moja, kwingine kote ni mzima. Nilipofika hapa ameninyang'anya, anataka kumalizia mwenyewe.

Roda

BIBI SHIKAMOO. BABA YUPO. NJOO NA HADITHI NYINGINE. NJOO MCHANA.